Sura ya Tatu: Suruali ya Gofu ya Mzee Alphonse

Mtuhumiwa alikuwa shimoni, kwa hiyo Godelieve alilazimika kumhoji akiwa amepiga magoti, jambo ambalo hakufundishwa na mtu yeyote alipokuwa akisomea upelelezi. Shimo lenyewe lilichimbwa liwe choo cha shule. Vita ikawahi kufika kabla ya choo, na sasa vijana wa barrière, kile kizuizi cha njia iendayo milimani, walilitumia kufungia watu. Chini kabisa alikuwa amekaa Wilfried, fundi cherehani, mkanda wa kupimia nguo ungali shingoni.

"Wilfried, patalo ya mzee iko wapi?"

"Mama OPJ, mi sijue. Naapa na macho ya mama yangu."

"Mama yako ni kipofu tangu zamani."

"Njo maana naapa na yake. Yangu ningali nayatumia kushonea."

Godelieve hakucheka, ingawa alitaka. Yeye ndiye aliyekuwa OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, wa mwisho aliyebaki katika mji wa Baraka, kando ya ziwa. Wenzake walivuka ziwa kwenda Tanzania tangu milio ya kwanza ya bunduki. Yeye alibaki kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mtu hawezi kukimbia vizuri akiwa na mhuri wa serikali kifuani. Huo ulikuwa mwaka wa pili wa vita, na mji ulikuwa umebadilisha wakubwa mara nyingi hivi kwamba picha ya mkuu iliondolewa ukutani ofisini mwake, ukabaki msumari. Godelieve, mtu wa nidhamu, aliendelea kuusalimu msumari kila asubuhi.

Lakini kesi hii haikuwa ya mzaha. Suruali iliyopotea, patalo kwa kinywa cha watu wa huko, ilijulikana na Baraka nzima. Ilikuwa suruali ya gofu, ya sufu nzito ya kahawia, iliyoshonwa Ulaya enzi zile Wazungu walipoamini kwamba mwanamume hawezi kupiga kampira kadogo kwa fimbo bila kuvaa magunia mawili mapajani. Ilianza kiunoni kwa adabu, ikafura kuanzia nyonga, halafu ikabanwa ghafla chini ya goti kwa mkanda mdogo na kifungo cha chuma. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa injinia wa dhahabu kule Lulimba, aliyecheza gofu katikati ya mashimo ya wachimbaji na kupoteza mipira zaidi ya dhahabu aliyopata. Baba yake Mzee Alphonse ndiye aliyembebea fimbo. Injinia aliporudi kwao alimwachia suruali hiyo kama shukrani, na tangu hapo hakuna binti wa ukoo ule aliyeozwa bila mkuu wa ukoo kuivaa. Wakwe wakiiona tu, walisahau nusu ya maneno waliyokuja nayo.

Na kesho, Jumamosi, wakwe kutoka Mboko walikuwa wanakuja kumposa Clarisse, mjukuu wa mzee.

Suruali ilipotea sandukuni Alhamisi. Mkuu wa barrière, Commandant Roger, alikuwa mume wa Marie, binti wa Mzee Alphonse, na mkwe anayetaka sifa ni hatari kuliko mwizi. Alituma vijana wake wapekue mji. Katika kibanda cha Wilfried waliokota mkanda wa nyuma wa suruali ile, umekatwa kwa mkasi. Roger akatoa hukumu bila kumsikiliza mtu: suruali isipoonekana kabla ya wakwe kufika, Wilfried atabebeshwa masanduku ya risasi mpaka mstari wa mbele wa vita. Waliobebeshwa masanduku yale hawakuwa wakirudi, na kila mtu alilijua hilo, Wilfried kwanza.

"Ule mukanda wa nyuma ulitoka wapi?" Godelieve akauliza.

Wilfried akaanza kuuviringisha mkanda wa kupimia kidoleni.

"Wilfried, mficha uchi hazai. We utakufa na siri ya nguo ya mutu mwingine?"

Fundi akatazama juu, akatazama pande zote kana kwamba shimo lilikuwa na majirani. "Mama Émilienne njo aliniletea. Bibi ya mzee, mama ya Marie. Alisema mzee amekonda na vita, anaona haya, nimutengenezee patalo kimyakimya. Nikaitengeneza, nikamurudishia Jumatano."

"Juu ya nini hukumuambia Commandant?"

"Mama OPJ! Nisimame mbele ya Roger nianze kusema mama mukwe wake na patalo? Angenipiga risasi kabla sijamaliza jina."

Hapo Wilfried alisema kweli. Kwa desturi ya kule, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemezani ana kwa ana, na habari ya nguo za ndani za mama mkwe haitajwi mbele ya mkwe hata kwa mafumbo. Anayeisikia anatoa mbuzi wa kufuta aibu, na hata akishamtoa, chakula cha nyumba ile kinamkwama kooni mwaka mzima.

"Ulitengeneza nini hasa?"

"Magoti niliyakaza sana, shona mbili. Alisema hata upepo usipite. Na kiuno nikakifungua, njo nikakata ule mukanda."

"Ulikipunguza."

"Hapana, Mama. Nilikiongeza. Nikatia na kipande cha kitenge pembeni."

Godelieve akasimama, akakung'uta magoti. Fundi huyu alikuwa hodari wa sindano, lakini hesabu ya watu ilimshinda. Mzee amekonda, halafu kiuno kinaongezwa?

*

Mzee Alphonse alikuwa katekista tangu ujana wake, na alilalamika kwa mpangilio kama mtu anayesoma litania. Alimpokea Godelieve mlangoni, kaptura yake imefungwa kwa kamba ya katani iliyomzunguka na kubaki nyingine ya kufungia mbuzi. Godelieve alikitazama kiuno kile kwa huruma. Suruali iliyoongezwa isingekaa pale hata kwa maombi.

"Mi najua mwizi," mzee akasema. "Ni bale batu ba milimani."

"Papa, balishuka mulima, bakapita barrière ya Roger, bakaingia mu chumba yako, bakaacha radio, bakaacha baiskeli, bakabeba patalo?"

"Balijua thamani yake!"

Godelieve akaomba kuona sanduku. Halikuvunjwa. Kufuli zima, ufunguo juu ya mlango mahali ulipolala siku zote. Hapakuwa na alama ya mwizi, ila harufu ya dawa ya nondo na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri pale suruali ilipokuwa. Mwizi aliyekunja kitambaa baada ya kuiba alikuwa amelelewa vizuri, au alikuwa amekikunja kitambaa hicho maisha yake yote.

"Mama Émilienne iko wapi?"

"Alienda shamba tangu jana, kung'oa muhogo ya karamu. Ameniacha na maharagi isiyo na chumvi, Mama OPJ. Mi mwenye nilinunua mufuko muzima ya chumvi kwa ajili ya bakwe, na leo nakula kama mugonjwa."

"Mufuko uko wapi?"

"Sijue. Bibi njo anajua."

Nyuma ya mlango jembe la Mama Émilienne lilikuwa limening'inia, na kikapu chake pembeni yake. Mzee alilala na jembe lile usiku uliopita, akaamka nalo, asilione. Wanaume wengi ndivyo walivyo na jembe la mke. Godelieve alijiambia moyoni maneno ambayo wazee walikwisha kuyasema: kikulacho ki nguoni mwako. Hakumwambia mzee kitu. Aliomba maji, akanywa, akashika njia ya milimani.

*

"Hapa hata panya haipite bila kupekuliwa," Commandant Roger akasema. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye hirizi shingoni, redio mkononi na miwani ya jua isiyo na kioo kimoja. "Mizigo tunafungua, kofia tunavua. Hata padri tulimupekua."

"Munatafuta nini?"

"Kila kitu yenye inaenda kwa adui. Dawa, sabuni, chumvi. Chumvi zaidi. Mutu akipandisha chumvi kule juu ni musaliti, na musaliti hatumuweke mu shimo, Mama OPJ. Tunamumaliza."

Alilisema bila kelele.

"Na kila mutu anapekuliwa? Kila mutu kabisa?"

Roger akakohoa. Akakumbuka kwamba redio yake ilihitaji kusikilizwa mahali pengine, akaondoka. Mlinzi aliyebaki, Isidore, mtu mzima mwenye mvi na mdomo mwepesi, akamsogelea Godelieve huku akijizuia kucheka.

"Mutu mumoja tu hapekuliwe," akanong'ona. "Mama mukwe yake. Akitokea kule, tunapiga muluzi, sisi bote tunageuka kutazama ziwa, na Commandant anajitupa mu matete. Jana alipita. Mikono mitupu, ila mwendo... Mama OPJ, nikatazama kidogo kwa pembeni. Alitembea kama bata yenye imeshiba."

Godelieve akamshukuru. Basi yote yalikuwa yamekwisha kusemwa, ilibaki kumkuta mwenye mwendo.

Alimkuta kule juu kidogo, kijito kinapokata njia. Mama Émilienne alikuwa anateremka peke yake, mwepesi, kitenge chake kikubwa kimefungwa juu ya kitu kilichompa nyonga za mwanamke mwingine. Alipomwona OPJ alisimama, akaweka mkono kiunoni, kisha akauondoa haraka.

"Shikamoo, mama. Muhogo iko wapi?"

"Haikukomaa."

"Na jembe ulilisahau nyuma ya mulango."

Mama Émilienne akaketi juu ya jiwe. Hakuwa mwanamke wa kuomba huruma. Alipandisha kitenge mpaka juu ya goti, na hapo, katika mwanga wa saa tisa, ikaonekana ile sufu ya kahawia, ule mkanda mdogo, na kile kifungo cha chuma kiking'aa.

"Iliundwa kwa ajili ya chumvi hii patalo, mutoto yangu," akasema. "Huku nusu ya mufuko, huku nusu ya mufuko, unakaza magoti, haimwagike hata punje. Ule Muzungu alikosea tu kuitumikisha."

"Chumvi ya nani?"

"Ya Nyirakamana."

Akaeleza, na hakuzunguka. Marie alipozaliwa, maziwa ya Mama Émilienne yalikauka. Kwenye kitanda cha pembeni katika maternité ya misioni kulikuwa na Nyirakamana, mwanamke wa milimani aliyekuja kujifungua kitinda mimba wake, Azarias. Mwanamke huyo akamchukua Marie bila kuulizwa, akamnyonyesha ziwa la pili. Wakalala hivyo mpaka watoto wote wawili wakanenepa. Baada ya hapo, kila mwaka, Mzee Alphonse alipanda na samaki wakavu, na mume wa Nyirakamana akashuka na maziwa, hadi vita ilipofunga njia na kila upande ukafundishwa kuuita ule mwingine adui.

"Alinitumia habari," Mama Émilienne akasema. "Kule banakula bila chumvi tangu mwaka jana. Batoto banakataa chakula. Ng'ombe zake zote zilichukuliwa, imebaki moja. Tukakutana nusu ya njia, mu ile kanisa yenye haina tena batu. Unajua alileta nini kwa harusi ya Clarisse?" Akaingiza mkono katika mfuko wa suruali akatoa kifurushi cha majani ya mgomba. Jua lilikuwa limekwisha kuanza kukiyeyusha, na mafuta yake yalikuwa yamelowa ndani ya sufu ya kale. "Siagi."

"Mama, Wilfried iko mu shimo kwa sababu ya hii patalo."

Mama Émilienne akafunga macho. Hakujua. Aliondoka kabla ya upekuzi.

"Basi twende," akasema, akisimama. "Nitamuambia Roger mi mwenyewe. Fundi asikufe juu yangu."

"Ukimuambia utakufa wewe."

"Nimekula vya kutosha, mutoto yangu. Ule kijana bado hajaoa."

Godelieve akamtazama mwanamke yule na nyonga zake za kukopa, akampenda ghafla, kama mtu anavyompenda mama yake akiwa amemkasirikia. Sheria aliijua. Angetoa ripoti, mmoja angetoka shimoni na mwingine angemalizwa. Angekaa kimya, Wilfried angebeba masanduku. Aliwaza mpaka kijito kikamchosha kwa kelele, halafu akaanza kutabasamu.

"Mama, we tembea tu. Usiseme kitu. Ukifika kwa barrière, basalimie, upite."

*

Isidore ndiye aliyepiga mluzi. Vijana wote wa kizuizi wakageuka pamoja kutazama ziwa, kwa nidhamu ambayo adui hakuwahi kuiona kwao. Commandant Roger, hirizi, redio na kila kitu, akaruka ndani ya matete.

"Mungu abariki kazi yenu," Mama Émilienne akasema akipita.

"Amina," matete yakajibu.

Godelieve alingoja mpaka mwanamke yule akakata kona. Kisha akasogea ukingoni.

"Commandant, patalo nimeipata."

Matete yakatikisika. "Iko wapi?"

"Inaenda nyumbani."

"Mwizi ni nani? Nataka rapport. Nani, wapi, namna gani."

"Nzima?"

"Nzima! Bila kuficha hata kitu kimoja."

Godelieve akasimama wima, akavuta pumzi, akaanza kwa sauti ya mahakamani. "Leo Ijumaa, mimi OPJ wa Baraka nimelikuta vazi linalotafutwa, sufu, rangi ya kahawia. Lilikuwa limevaliwa. Lilikuwa chini ya kitenge, likiwa limekaa vizuri kabisa kwenye makalio ya mama mzazi wa bibi ya..."

"Simamisha!"

"...ya Commandant Roger, na sehemu ya mapaja..."

"Mama OPJ! Simamisha, nakuomba! Kwa jina ya Bikira!"

Migongo ya vijana ilikuwa inatikisika. Mmoja alikuwa ameingiza kofia yote mdomoni.

"Uliomba nzima, Commandant. Bado sijafika kwa magoti."

Roger hakutoka. Ilisikika redio ikianguka majini. Kisha sauti yake ikarudi, ya chini, si ya mkwe tena, ila ya askari. "Kule juu alienda kufanya nini?"

Godelieve akasogea karibu zaidi na matete. "Baridi ya mashamba, Commandant. Mama amezeeka, alitafuta kitu ya joto. Kama una mashaka, umuite umuulize wewe mwenyewe, uso kwa uso. Na kama ni lazima apekuliwe, chagua nani kati ya hawa atapekua ile kitenge, halafu akupe rapport."

Vijana wakazidi kulitazama ziwa.

"Isidore," Roger akasema hatimaye. "Jana alipanda na muzigo?"

Isidore alikuwa bado anatazama ziwa. Alimtazama Godelieve kwa pembe ya jicho, muda mfupi tu, na Godelieve akajua kwamba mlinzi yule alikuwa na akili kuliko mdomo wake.

"Mikono mitupu, Commandant. Naapa."

"Na fundi Wilfried, kosa yake ni nini?" Godelieve akadakia.

"Hana kosa! Mumutoe mule shimo! Na ninyi bote, leo mulisikia nini?"

"Hatukusikia kitu, Commandant!"

"Mama OPJ, usiandike."

"Wino wa mhuri umekauka," Godelieve akasema, na hilo, angalau, lilikuwa kweli.

Wilfried alitolewa kwa kamba, amejaa udongo. Alipoambiwa suruali imepatikana hakuuliza ni nani aliyeiiba. "Magoti yalivumilia?" aliuliza. Godelieve akamwambia kwamba hajawahi kuona mshono imara kama ule, na fundi akaenda kwao akilia kwa furaha.

*

Jumamosi asubuhi Godelieve aliipeleka kwa mwenye nayo suruali aliyokabidhiwa kisiri na Mama Émilienne jioni, pamoja na uongo alioutengeneza njia nzima. Mama Émilienne alikuwa jikoni na wanawake wa ukoo, hamgeukii mtu. Mzee Alphonse alimkaribisha OPJ chumbani, akapokea suruali kwa mikono miwili.

"Ni mbuzi, papa," Godelieve akaanza. "Mama aliianika ipate jua, mbuzi ya jirani ikaivuta mpaka kule mu mihogo. Njo tukaiokota huko."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa subira ya mtu aliyesikiliza uongo wa watoto wa katekisimu miaka yote. Halafu akaigeuza suruali. Akapitisha kidole ndani ya mfuko, akakinusa. Akakiweka ulimini.

"Mbuzi," akasema.

"Ndiyo, papa."

"Siku hizi mbuzi inatoa siagi ya ng'ombe."

 Mzee akasogea mlangoni, akausukuma ukafunga, akarudi karibu naye kabisa. Yale malalamiko ya jana hayakuwepo.

"Nyirakamana iko muzima?" akanong'ona.

"Iko muzima, papa."

"Ulimuona?"

"Mama alimuona."

"Na ng'ombe zake? Alikuwa na kundi kubwa, we, mi nilizihesabu na bwana yake tukiwa vijana."

"Imebaki moja."

"Moja." Mzee Alphonse akakaa kitandani. "Imebaki moja, na akaikamua ile ile, akatuletea siagi ya harusi." Akaishika suruali kifuani, na yule mzee aliyeogopwa na wakwe wa pwani yote ya ziwa akalia waziwazi, mabega yakipanda na kushuka, bila kujificha na bila kujifuta. Godelieve naye akalia, kwa sababu hakuona sababu ya kutolia.

Nje, nyimbo za watu wa Mboko zilikuwa zimekwisha kufika uani. Mzee akavaa, akaikaza kiunoni kwa ile kamba ya katani. Godelieve akamfungia vifungo vya magoti, mzee akamshika bega, wakatoka pamoja. Wakwe walipomwona amesimama mlangoni ndani ya suruali ile, macho mekundu, ananuka siagi, walidhani anamlilia mjukuu wake atakayeondoka. Wakaacha kuimba, na msemaji wao akavua kofia.